Tulialika Watu Msimu wa Kuanika

Niko na habari, na kwa hii nyumba hakuna mtu wa kuambia. Nyokabi ameongea. Mtoto wa dada yangu Eddah, ambaye tangu mamake apande ndege kwenda kuuguza wazee Uingereza hajawahi kusema neno nje ya gate yetu hapa Yamumbi, leo ameongea mpaka sauti ikamkauka.

Wacha nianze mwanzo, juu nikianzia hapo utadhani ni kitu kidogo.

Eddah aliniachia mtoto wa miaka tisa na nyumba kubwa. Shuleni, Nyokabi akawa anajificha kwa choo kila break mpaka kengele ilie. Eddah aliposikia akanipigia akilia, tukakubaliana nimfundishe nyumbani. Si niko na digrii ya ualimu na bado sijaitwa kazi? Lakini akaweka sharti: kufika Krismasi, kama mtoto hawezi kusimama mbele ya watu aongee, Januari ni boarding. Hiyo boarding mimi niliiogopa kuliko Nyokabi mwenyewe. Bila yeye, hapa ni mimi na friji, na friji ndiyo inaongea.

Mwanzoni nilimfundisha vile nilifundishwa, ubao na chaki. Halafu nikakumbuka mambo ya project tuliyosoma chuo: mtoto ajifunze kwa kufanya kitu cha ukweli, na mwishowe aonyeshe watu. Nikachangamka mbaya. Nikaamua tutengeneze sayari za karatasi na gundi. Nyokabi akakata, akapaka rangi, akabandika, hakuna hata moja ilienda upande. Kisha akaniangalia mimi auntie yake.

"Tata, umemaliza?"

Umemaliza. Kumbe project ilikuwa yangu, yeye alikuwa ananisaidia tu.

Sayari zikaenda kwa shimo la taka. Nikaacha kumfundisha, nikaanza kumwangalia. Kila asubuhi alikuwa anasimama kwa gate, jicho moja kwa ule mwanya. Msimu huu barabara yetu ni mahindi tupu, turubai kwa turubai, na kubwa kabisa ni ya jirani, Mama Adoyo, ambaye mzee wake Obiero alikodi shamba huko Moiben. Msichana wao Adoyo ndiye hufukuza kuku. Siku moja nikasimama nyuma ya Nyokabi bila kusema kitu, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi. Akauliza bila kugeuka:

"Wanajuaje imekauka?"

Ulimi uliniwasha, aki, lakini sikujibu. Nikamwambia tutafute.

Tukapata njia ya chumvi. Unaweka chumvi kavu kwa chupa kavu, unaongeza mahindi, unatikisa, unangoja. Chumvi ikishika kwa kioo, mahindi bado ina maji. Mara ya kwanza ilishika yote, tukahuzunika kwa niaba ya Mama Adoyo. Nyokabi akakaa akifikiria, kisha akasema chupa nilikuwa nimeiosha asubuhi hiyo, maji ni yangu. Tukaianika juani. Tangu hapo akawa ananituma kwa jirani kama karani wake: leo leta ya katikati, leo leta ya kando ya ua, pale kivuli hukaa. Yeye hakuvuka gate. Lakini mezani alikuwa ananieleza mpaka chai inapoa.

Nikaona wakati umefika. Nikapita nyumba kwa nyumba nikialika watu wakuje kumsikia Jumamosi, saa tisa. Mama Adoyo alinijibu akigeuza mahindi, "Mwalimu, jua likikuja, nitakuja." Nikacheka nikaendelea. Nikaazima viti kanisani. Nikapika mandazi. Nyokabi akavaa nguo ya Jumapili, akaweka chupa yake juu ya stuli, na Eddah akaingia kwa simu kutoka huko aliko.

Saa tisa ikapita, jua halijaonekana. Hakuna mtu. Eddah akauliza watu wako wapi, nikageuza simu asione viti. Nyokabi alishika ncha ya nguo yake akawa anaikunja, na mimi nikaiona boarding, sanduku na godoro, zimesimama hapo mlangoni.

Kisha upepo ukaja na wingu jeusi kutoka upande wa Ainabkoi, na barabara yote ikaanza kuitana waanue mahindi. Mtu kama mimi, amezaliwa hapa Eldoret, amesoma mpaka chuo, anaalika watu alasiri ya mawingu msimu wa kuanika. Nani angeacha mahindi yake inyeshewe akuje kukula mandazi yangu?

Nilipogeuka, stuli ilikuwa tupu na gate iko wazi.

Nilimkuta katikati ya turubai ya Mama Adoyo, chupa kwapani, akizuia beleshi kwa mwili wake.

"Ya huku kwa ua bado! Msichanganye na hiyo ingine, itaoza kwa gunia!"

"Nani amekuambia?" Mama Adoyo akauliza.

"Chumvi."

Na akaeleza, yote, akishikilia gunia pamoja na Adoyo, matone yakianza, watu wakimuuliza na yeye akiwajibu. Mama Adoyo akatenga ile ya kando. Kwa simu Eddah akaniuliza ni nani huyo anapiga kelele hivyo. Nikamwambia ni mtoto wako.

Eddah alilia, akacheka. Kisha Nyokabi akarudi mbio, amelowa, akauliza kama Januari anaweza kuenda ile shule ya kina Adoyo, ile ya kutembea. Nikasema ndiyo haraka kabla sauti yangu ibadilike. Eddah akasema, "Wamucii, umeweza. Sasa uko huru, utafute kazi." Nikasema asante.

Nimerudisha viti kwa matope, mwenyewe. Nyokabi ameitwa ugali kwa Mama Adoyo, na mandazi ameenda nayo yote. Bado mvua iko kwa mabati, lakini ikipungua kidogo namsikia ng'ambo ya ua, anasimulia, wanacheka. Nimezima redio ndio nimsikie vizuri.