Faili ya Mwau Haijafungwa

Ijumaa saa mbili unusu asubuhi, Kaluki alifika katika hospitali moja ya kibinafsi huko Kamenu kuchukua mwili wa mumewe, Mwau, aliyekufa Jumanne. Mwau alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, kati ya mama mwenye jino bovu na fundi wa mabati.

"Umekuja na nani?" akauliza.

"Na gari la maiti. Kaburi limechimbwa Ngoliba. Kesho tunakuzika."

"Sawa. Lakini hawajaniita."

Benchi lilikuwa hivyo tangu hospitali iletewe programu mpya. Programu ilikuwa na nyuzi nane, yaani kazi nane zilizokwenda kwa pamoja. Kila uzi ulifungua faili ya mgonjwa, ukafanya kazi yake, ukaondoka bila kuifunga, kama ng'ombe anavyotoka zizini akaacha lango wazi. Na mgonjwa ambaye faili yake iko wazi alibaki pale benchini, hata kama alishatibiwa na yuko kwake Witeithie anakula githeri. Mfagiaji aliwaambia tu wainue miguu.

Emmah, karani wa mapokezi, alitazama kompyuta. "Mama, hatuwezi kutoa mwili wa mtu ambaye bado yuko kwa foleni."

"Daktari si aliandika amekufa?"

"Aliandika. Haijaingia. Itaingia faili ikifungwa."

Wakamwita Marvin, aliyeiandika programu hiyo. Alifika saa saba kutoka kula nyama choma Kamakis, bado anachokonoa meno. Kufunga faili ni mstari mmoja wa maandishi. Marvin ana digrii, na mstari huo hakuuandika.

"Hiyo ni kitu ndogo, mathe. Huwa nazima, nawasha."

"Ukizima, maneno ya daktari yataenda wapi?"

"Chenye hakijafika kwa diski kinapotea. Lakini sistimu itakuwa poa."

"Basi weka kwanza huo mstari wa kufunga."

"Hiyo tumepanga mwaka ujao."

Akazima. Benchi likabaki tupu, na mfagiaji akapata nafasi ya kupiga deki. Akawasha. Faili ya Mwau ikasema: hai, anangoja daktari. Mwau akawa ameketi pale pale. Gerishon, meneja, mtu wa tai pana na akili nyembamba, akawaita wafanyakazi wampigie Marvin makofi. Wakapiga.

Jumamosi waombolezaji walirudi makwao wameshiba wali, bila kuzika mtu. Kaburi likafunikwa kwa mabati.

Jumatatu Kaluki alipanga foleni na mumewe. Daktari akamwita Mwau, akamshika mkono kutafuta mpigo wa moyo, akakosa, akaandika kwa mara ya pili kwamba amekufa. Uzi ukafungua faili, ukaondoka.

"Amesemaje?" Kaluki akauliza.

"Yale yale," Mwau akasema.

Kaluki akasogea kidogo, mumewe apate mahali pa kukaa.