Aliye Ndani Atatoka

Muhigirwa alikuwa mwandishi wa hotuba za burugumesitiri, mkuu wa komini, yaani wilaya, na kazi hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alizaliwa Bukavu kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani, akafundisha shule huko huko, na mwaka 1994, mauaji yalipokwisha, akavuka daraja la Rusizi kuingia Rwanda na mama yake, Védastine. Komini iliwapa nyumba ya matofali Kamembe. Mwenye nyumba hiyo alikuwa amekimbilia Kongo, na majirani waliapa kwamba alifia kambini na watu wake wote. Muhigirwa aliwaamini, maana ilimfaa kuwaamini.

Kila hotuba aliisoma kwanza mbele ya mama yake aliyekuwa akimenya mihogo. Kisu kikiendelea, sentensi ilikuwa ya kawaida tu. Kisu kikisimama, hiyo ndiyo sentensi yenyewe, na Muhigirwa hakuigusa tena. Hivyo ndivyo walivyotunga hotuba za kupanda miti, za kufungua soko, na za mazishi, ambazo zilikuwa nyingi mno.

Mwishoni mwa 1996 vita vikawaka Kongo, wakimbizi wakaanza kurudi kwa daraja la Rusizi. Wengine walisita ng'ambo, wakihofia kwamba nyumba zao zimekwisha kuchukuliwa. Burugumesitiri akataka hotuba ya Kiswahili ya kusomwa kwa kipaza sauti pale mpakani.

"Andika tu: komini itaangalia mambo ya nyumba," alisema.

Maneno hayo yalimchosha Muhigirwa. Yalikuwa baridi kama ugali wa jana. Akaandika ya kwake: "Nyumba ya mtu ni ya mtu. Mwenyewe akirudi, aliye ndani atatoka kabla ya siku saba kwisha."

Kisu kilisimama. Muhigirwa akatabasamu, akakunja karatasi.

Burugumesitiri aliisoma kama ilivyo, na watu wakavuka. Siku tatu nzima Muhigirwa alitembea kifua mbele. Siku ya nne mwanamke mwenye miguu iliyovimba alisimama uani na furushi kichwani.

"Mi njo Patricie," alisema. "Hii nyumba, bwana yangu njo aliijenga. Yeye alikufa mu pori, mi niko. Benzangu balikataa kuvuka, banasema ni uongo. Mi nikasema hapana, muntu wa kusema vile hawezi kutudanganya."

Muhigirwa alimgeukia mama yake. "Ulijua?"

"Ile siku kisu kiliposimama, nilikuwa ninajiuliza tutalala wapi," Védastine alijibu. "Lakini uliifurahia sana, mwanangu."

Muhigirwa aliona haya. Akaenda mbio kwa burugumesitiri kumweleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliye ndani, naye akacheka.

"We ni muntu wetu. Kesho ninasoma tena kule daraja. Ongeza tu neno moja: batumishi ba komini habahusike. Ule maman atangojea."

Muhigirwa aliketi akaandika sentensi hiyo, na ilikaa vizuri; mkono wake haukujua kuandika vibaya. Kisha akawafikiria wenzake Patricie kule ng'ambo, risasi nyuma yao, wakitega masikio wajue kama ahadi ya juzi bado ipo. Wakisikia imeanza kupunguzwa, wangerudi porini. Alimchukia burugumesitiri kwa dakika moja, akajichukia mwenyewe muda mrefu zaidi, akaufuta mstari ule.

Kesho yake burugumesitiri alisoma mpaka mwisho, akageuza karatasi kutafuta mstari wake, hakuuona. Jioni ile ile Muhigirwa hakuwa tena na kazi.

Siku ya saba tangu Patricie arudi, yeye na mama yake walifunga magodoro kwa kamba. Patricie, aliyekuwa akilala kwa jirani, alifika asubuhi, akapokea ufunguo kwa mikono miwili. Hakuingia. Aliyatazama magodoro, kisha akamtazama Védastine aliyeyakalia.

"Na ninyi munaenda wapi?" aliuliza.

Muhigirwa alikuwa ameandika kwamba aliye ndani atatoka, na hakuwahi kuandika aende wapi.

"Sijui, maman," alisema.