Refa Asiyeona Jezi

Katika nyumba ya fundi saa, watoto wawili waligawana dunia mapema. Kaka alichukua Radi, dada akachukua Ngao. Hizo zilikuwa kampuni mbili za vitabu vya katuni, mahasimu wa siku nyingi, kila moja na mashujaa wake wa kuruka angani na kubeba magari. Vitabu vilipoanza kugeuzwa filamu, ugomvi ulitoka chini ya blanketi, walikokuwa wakisoma kwa tochi, ukahamia sebuleni.

"Mashujaa wenu wanachekacheka kama watu walioalikwa harusini," Kaka alikuwa akisema.

"Na wa kwenu wamenuna kama walionyimwa ugali wa jana," dada alijibu.

Mama yao, karani wa mapokezi hospitalini, hakuwa na upande. Kwake wote walikuwa watu wazima waliovaa chupi juu ya suruali.

Dada mwenyewe baba yake alimwita Wakili, kwa sababu tangu ana miaka minne hakuwahi kukubali kwenda kulala bila kukata rufaa. Sasa alikuwa na ishirini na mitatu, shahada yake imo ndani ya bahasha juu ya kabati, naye anasubiri kuitwa kazini na yeyote atakayemwita. Huku akisubiri, amekuwa macho ya baba yake.

Macho ya fundi yalikwenda na presha ya macho, la kushoto kwanza, la kulia mwaka uliofuata. Mtu aliyekaa miaka thelathini akichungulia matumbo ya saa, kioo kimembana jichoni na kibano mkononi, sasa alikuwa akipapasa meza kutafuta kikombe. Juu ya meza yake ya kazi, kwenye chumba cha mbele, ulibaki mkebe wa bati wenye saa tisa za wateja, kila moja na kikaratasi chake. Mteja akija kuulizia alijibiwa vilevile: "Subiri nifanyiwe upasuaji. Nikirudi, yako ndiyo ya kwanza." Saa tisa, na zote za kwanza.

Habari za upasuaji zilikuja kwa barua ya daktari. Wakili ndiye aliyeisoma, siku ambayo mama alikuwa kazini. Alisoma aya ya kwanza kwa sauti, akasoma ya pili. Ya tatu aliitazama, kisha akautazama uso wa baba yake, uliokuwa umeinuliwa kama wa mtoto anayesubiri kunawishwa.

"Basi, Baba," alisema. "Iliyobaki ni sahihi na mhuri."

Mama naye alipouliza, Wakili alimjibu hivyo hivyo. Barua akaificha ndani ya bahasha ya shahada.

Wazo la mashindano lilitoka kwa Kaka. Aliona baba yake anakaa kitini kutwa, hataki fimbo, hataki yale mafunzo ya wasioona, hataki hata redio. "Tumalize ubishi wa miaka," alisema. "Filamu tatu za Ngao, tatu za Radi, kila Jumamosi mchana moja. Baba awe refa."

"Refa gani haoni?" aliuliza Wakili, kisha akajiuma ulimi.

Lakini baba alicheka, kicheko cha kwanza tangu mwezi uliopita. "Huyo ndiye refa hasa. Asiyeona jezi atapendeleaje timu?"

Tatizo lilikuwa moja. Kaka aliendesha gari la kusambaza mikate, na Jumamosi alirudi jioni. Wa kumsimulia baba yale yasiyosikika alikuwa Wakili peke yake, filamu zote sita.

"Yaani shabiki wa Ngao ndiye amsimulie mzee filamu za Radi?" Kaka alipiga kelele. "Hii ni kesi ya nyani, hakimu ngedere!"

"Hakimu ni Baba. Mimi ni macho tu."

"Macho yenye jezi!"

"Nenda kauze mikate, Kaka."

Filamu za Ngao zilikwenda kama maji mteremkoni. Watu wa Ngao wanaongea mno: wanataniana wakipigana, wanataniana wakianguka kutoka ghorofani, hata adui anatoa mzaha kabla hajalipua ghala. Mtu asiyeona anaweza kuzifuata nusu nzima kwa masikio. Nusu nyingine Wakili aliijaza kwa moyo wote. Alisimama, akaruka, akaonyesha kwa kuchora kwenye kiganja cha baba yake jinsi Mama Kimbunga alivyolizungusha jengo bila kumwaga chai ya mlinzi. Baba alicheka mpaka akapaliwa. Filamu tatu, na zote akazipa alama za juu.

Kisha zikaja za Radi. Radi wanapenda giza, mvua, na watu wanaotazamana. Mtu anaweza kutembea kwenye ujia dakika nne bila kusema hata "ah". Hapo ndipo msimuliaji anahitajika, na hapo ndipo Wakili alipopungukiwa na maneno ghafla.

"Kuna nini sasa?" baba aliuliza.

"Anatembea."

"Na sasa?"

"Bado anatembea."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Filamu mbili za Radi zikapita hivyo, na refa akasinzia katika zote mbili. Kaka alipoletewa matokeo alisema hapa pana mkono wa mtu, lakini hakuwa na ushahidi.

Ikabaki ya sita, *Mlinda Daraja*. Wakili alikuwa ameshaiona, peke yake, mwaka wake wa mwisho chuoni. Alitoka ukumbini macho yamemvimba, na hakumwambia mtu, kwa maana angemwambia nani kwamba Radi wamemliza? Alijua Ngao hawana filamu kama ile. Alijua pia ile sehemu ya mwisho, dakika kumi na moja bila neno moja.

Jumamosi ilipofika alimketisha baba, akampa chai, akaiwasha. Alisimulia kwa uchache uleule. Dakika zile kumi na moja zilipoanza, aliuma kucha.

"Kuna nini?"

"Wanapigana tu, Baba. Giza, mvua. Fujo za Radi."

Fundi aliinamisha kichwa upande mmoja, kama zamani alipokuwa akiinamia saa ya mtu. Mvua ilisikika. Pumzi za mtu zilisikika, nzito, zikikwama. Na chini ya hayo yote palikuwa na kitu kidogo sana.

"Simamisha."

Wakili akabonyeza rimoti.

"Kuna saa hapo," alisema baba yake.

"Saa?"

"Ya mfukoni, ya kujaza kwa mkono. Inachechemea, pigo moja refu, moja fupi. Kuna mtu ameishika karibu na sikio la mtu." Aligeuza uso wake kuelekea kwa binti. "Nimesubiri ngumi tangu ulipotaja ugomvi, mama. Hakuna ngumi. Hakuna anayepigana humo."

Wakili alihisi masikio yake yakiwaka moto. "Nilitaka Ngao washinde," alisema. Ilisikika kama jibu la mtoto wa miaka minne. "Na nilitaka ucheke. Ile ni sehemu ya huzuni, Baba. Nilifikiri huzuni unayo ya kutosha."

"Kwa hiyo ukanipunguzia."

"Ndiyo."

Baba alitafuta kikombe, akakipata, hakunywa. "Barua ya daktari," alisema polepole. "Ulinisomea mpaka chini?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini fundi aliyesikia saa inayochechemea ndani ya mvua alikuwa ameinamisha kichwa tena, na safari hii aliyekuwa akisikilizwa alikuwa yeye.

"Hapana, Baba."

"Ilete."

Alileta kiti, akapanda, akaishusha bahasha kutoka juu ya kabati. Alisoma aya ya tatu yote, hakuruka neno. Ilisema kwamba upasuaji ungemwondolea maumivu na kulinda afya ya macho, ila usingemrudishia uwezo wa kuona. Ilimshauri aanze mafunzo mapema, bila kusubiri.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Kaka alirudi akinukia mikate, akamkuta dada yake sakafuni na karatasi magotini. Wakili alimwambia yote, la filamu na la barua, bila kujitetea hata kidogo. Kaka alikuwa na kila haki ya kupiga kelele. Akaketi sakafuni kando yake, akamega mkate wa moto, akampa kipande.

"Mimi ningeisomaje?" alisema. "Hata mimi nisingeweza."

"Hataniamini tena, Kaka. Nikimwambia mvua inanyesha atatoa mkono dirishani kwanza."

"Basi mwache autoe. Wewe endelea kumwambia."

Waliumaliza mkate. Jua la jioni lilikuwa limefika kwenye miguu ya meza ya kazi ndipo mlango ulipofunguliwa. Baba alitoka, macho mekundu, shati limefungwa vifungo vibaya. Wakili aliinuka kwenda kumwongoza, akasita katikati ya chumba, hajui kama anaruhusiwa.

"Huo mkono unakuja au hauji?" baba aliuliza.

Ukaja.

Alipoketi alisema, "Rudisha ile filamu. Pale kwenye saa. Unisimulie kama mtu aliyekula kiapo."

Kaka aliitafuta ile sehemu. Wakili akapiga magoti kando ya kiti, akaanza kwa sauti ndogo.

"Mvua inanyesha, lakini wao wako chini ya daraja, hawanyeshewi. Ni watu wawili. Mmoja ni mzee, ameegemea nguzo, ana jeraha ubavuni. Ndiye aliyemfundisha Mlinda Daraja kazi, na ndiye aliyelikata daraja. Mlinda Daraja alikuja kumuua. Amesimama mbele yake, ngumi amekunja. Sasa anazikunjua. Anakaa chini."

"Matopeni?"

"Matopeni. Anavua kofia ya chuma. Tangu filamu ianze hatujamwona uso. Ni uso wa kawaida tu, Baba. Kama karani wa posta. Mzee anatoa saa mfukoni, anampa. Mkono wa mzee hauna nguvu, saa inataka kuanguka."

"Hakuna wa kumwokoa?"

"Hakuna. Ana nguvu za kuinua daraja zima, na hapa hazimsaidii kitu. Anakaa naye tu."

Kutoka kwenye televisheni ukasikika mkwaruzo mdogo, mara tatu, mara nne.

"Anaijaza," alisema fundi.

"Ndiyo. Anaijaza."

"Ili mzee asikie inaendelea."

"Anamwekea sikioni. Mzee amefumba macho. Anatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo." Machozi yalikuwa yakimtiririka Wakili, akayaacha. "Na mimi nalia, Baba. Nakwambia kwa sababu umesema nimekula kiapo."

"Nimeshasikia," alisema baba yake, akampapasa kichwa.

Filamu ilipokwisha Kaka hakuweza kuvumilia. "Refa! Matokeo!"

"Hii ni ya Radi," alisema baba. "Imezishinda zote."

Kaka aliruka juu mpaka taa ikatikisika. "Miaka kumi na tano! Nimengoja miaka kumi na tano!"

"Usiruke sana. Zile mbili nilizosinzia zirudiwe, shahidi alikuwa na jezi." Fundi alifuta uso kwa kiganja. "Ila Jumamosi ijayo niwekeeni kwanza ya yule Mama Kimbunga na chai yake. Mtu hawezi kukaa chini ya daraja kila wiki."

"Na mimi bado ni Ngao," alisema Wakili, akifuta pua.

"Nani amekuuliza?" alisema Kaka.

Baba aliinuka, safari hii akaelekea meza ya kazi. Aliipapasa mpaka akaufikia mkebe, akauvuta. "Hawa watu wamengoja vya kutosha," alisema. "Kesho Kaka atazipeleka kwa yule fundi wa karibu na shule. Ana haraka, lakini ana mkono mzuri. Wakili, chukua kalamu. Mimi nitasikiliza, wewe utatazama. Tumwandikie kila moja inaumwa nini, asianze kubahatisha."

Wakili alivuta kiti. Alisoma kikaratasi cha kwanza: mwokaji. Baba aliijaza saa, akaiweka sikioni, akafumba macho ambayo hayakuwa na haja ya kufumbwa. "Mafuta yamekauka. Andika." Ya pili ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. "Springi imechoka. Andika." Ya tatu aliijaza, akaisikiliza muda mrefu, akaridhika.

"Ndani haina neno hii. Nje ikoje?"

Ilikuwa saa ya mama yao. Aliwahi kuwaambia watoto kwamba ilimponyoka mapokezi, akaichomeka mkebeni kati ya za wateja, na akawaomba wasimwambie baba, kwa sababu ndiye aliyempa saa hiyo siku walipochumbiana. Wakili aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kaka alimtazama dada yake.

"Kioo kimepasuka, Baba," alisema. "Kutoka juu mpaka chini. Vibaya."

Fundi alipitisha kidole gumba juu ya ufa, taratibu, akaufuata mpaka mwisho wake.

"Kweli," alisema. "Haya, andika."