Chetezo cha Ukoo wa Liau

Mtaani kwetu, hapa mjini Tainan, nyumba ya zamani haiungui siku yoyote tu. Huungua ile wiki wakaguzi wa majengo ya kale wanapokaribia kuja. Wakishaiandikisha haibomolewi tena, na mwenyewe hawezi kuwauzia kiwanja wajenzi wa maghorofa. Basi umeme unapiga shoti, zimamoto wanakuta majivu. Mimi si mtoto mdogo. Tulipoambiwa wakaguzi watakuja Alhamisi kuitazama nyumba yetu, nilianza kumchunguza kila anayepita mlangoni, hadi muuza gesi.

Zaidi nilimchunguza Bwana Liau, mwenye nyumba. Wapangaji tulibaki wawili: mimi chini na cherehani yangu, na Dada Giok-lan juu, mjane mwenye ulimi mkali. Kodi kama yetu huipati tena mjini. Nyumba ikiungua, sina pa kwenda. Hilo lilininyima usingizi.

Jumatano asubuhi nilipita ukumbini nikakuta madhabahu ya wazee wa Liau tupu. Chetezo cha udi hakipo, vibao vya majina yao, ambamo roho zao hukaa, havipo. Kwetu hakuna mtu, hata awe na tamaa vipi, anayewachoma babu zake. Akitaka kuwasha moto, kwanza anawahamisha.

Nilimpigia simu. Alikuja mbio na pikipiki, akaingia na helmeti kichwani.

"Umewapeleka wapi wazee wako?" nikamuuliza.

"Wazee gani, shangazi?"

"Usinizuge. Moto ni leo au kesho?"

Alichungulia madhabahu, uso ukampauka. "Mama yangu yuko wapi? Nani kamchukua mama yangu?"

Nilimkazia macho. Mtu anaweza kuigiza mengi, lakini kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Nikapanda ngazi.

Giok-lan alikuwa anakunywa chai. Mezani, juu ya kitambaa chekundu, chetezo na vibao vilikuwa vimepangwa kwa adabu, vimewekewa machungwa. Kando yavyo ilikuwepo picha ya marehemu mama yangu, iliyokuwa chumbani kwangu hadi usiku uliopita.

"Ulitaka kutuchoma," nikasema.

"Wewe ningekutuma sokoni kwanza," akajibu bila haya. "Wajenzi wameahidi kutupa vyumba vya bei nafuu kwenye ghorofa jipya. Lina lifti, Siu-khim. Mvua hainyeshei kitandani."

"Na wewe ukawaamini?"

"Nimechoka kushuku watu. Kazi hiyo nimekuachia wewe."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilibeba chetezo na vibao hadi ukumbini, Bwana Liau akavipokea kwa mikono miwili. Nikapanda tena, nikachukua picha ya mama, halafu, kabla Giok-lan hajanyanyuka kitini, nikaichomoa ukutani na picha ya marehemu mumewe. Zote mbili nikazisimamisha kwenye madhabahu ya Liau. Bwana Liau alifungua kinywa kukataa, maana wafu wa ukoo mwingine hawawekwi meza moja na wa kwako. Nilimkata jicho, akasogeza vibao vyake kuzipisha.

"Haya, choma sasa," nikamwambia Giok-lan, aliyekuwa anashuka ngazi akishikilia ukuta.

Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma, na nilijichukia kwa huruma hiyo.

"Sichomi," akasema. "Lakini nyumba ikishaandikishwa, wakaikarabati, wakaifanya mkahawa wa watalii kupigia picha, unadhani tutabaki humu na kodi yetu hii? Siku hiyo mume wangu utampeleka wapi?"

Nikamgeukia Bwana Liau, nikingoja aseme kwamba hilo haliwezi kutokea. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kibao cha mama yake, na hakutaka kunitazama usoni.