Kalamu ya Kutoboa Vidole

Kalamu niliyokuwa nayo haikuwa ya kuandikia. Ni ile ya kutoboa kidole: unabonyeza kitufe, tone la damu linatoka, unaligusisha kwenye kipima sukari. Mimi nina sukari, na VVU naishi navyo mwaka wa kumi na nne sasa. Jumanne za kliniki benchi letu ni moja, watu ni wale wale, na foleni haiendi. Ndipo nikaanza kuwapima wenzangu.

"Bibi, nipime na mimi," alikuwa akisema Fundi Viatu. "Jana nimekula kama nimelipwa."

Tunacheka, natoboa. Kisha naifuta sindano kwa pamba yenye spiriti, namtoboa anayefuata. Sindano nilikuwa nabadilisha ikiwa butu tu, maana nilipewa chache.

Mwaka huu vipimo vikaonyesha kwamba baadhi yetu tumepata homa ya ini, ile ya aina ya C. Mimi nimo. Daktari alituambia mmoja mmoja, mlango umefungwa, lakini siri ya benchi ina miguu. Macho yote yakamgeukia kijana tunayemwita Michoro, kwa sababu ya michoro mikononi mwake.

"Wewe na sindano zako za wino ndiyo mmetuletea," Mama Miwani alimwambia.

Michoro akainuka. Alikwenda kusimama ukutani. Mama Miwani aliposhikwa na kikohozi, ni yeye aliyemletea maji, na mama yule akageuza uso. Nami nilinyamaza.

Wiki tatu baadaye Michoro alitoka chumba cha daktari akiwa ameinua kichwa. "Kirusi changu si cha ukoo wenu," alisema. "Wamekisoma huko maabara."

Halafu nikaitwa mimi.

"Bibi," daktari alisema, "kirusi kina maandishi yake ndani, na kila kinapohamia kwa mtu mwingine maandishi hubadilika kidogo. Tumeyasoma. Virusi vya watu watano, chako kikiwemo, vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Nani alimpa nani, hatuwezi kusema. Lakini damu imepita njia moja. Mnachangia nini?"

Wembe? Hapana. Kung'olewa meno? Hapana. Akanishika mkono, akaugeuza, akaviona vitobo kwenye ncha za vidole vyangu.

"Na hivi?"

Nilifungua mkoba nikampa kalamu. Hakunikaripia. Aliitumbukiza kwenye boksi la taka za sindano, taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

"Spiriti haitoshi, bibi. Umewapima akina nani?"

Nikamtajia wanne wa benchi.

"Na nyumbani?"

"Hakuna," nikasema.

Nilidanganya. Mke wa mwanangu ana mimba ya miezi saba. Majuzi alipata kizunguzungu, nikampima. Mara mbili. Huyo ndiye anayenikumbusha dawa zangu kila asubuhi, ananiwekea na maji kabisa.

Njia nzima nilitembea kama ninayefuatwa. Nikajiambia nitangoja ajifungue kwanza. Halafu nikamfikiria huyo mtoto wa tumboni anayeningoja mimi niseme, wala hajui.

Nilimkuta mke wa mwanangu uani akianua nguo.

"Mama, mbona umekuwa hivyo? Wamekuambia nini?"

"Weka nguo chini, mwanangu. Kaa."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku shati la mumewe likiwa kifuani mwake.

"Ulinitoboa kwa ile ile?"

"Ile ile."

"Sindano hukubadilisha?"

"Niliifuta."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Uliifuta." Kisha akaingia ndani, nikajua ndiyo basi. Akatoka amevaa viatu.

"Twende kabla hawajafunga."

Hakunisemesha tena. Lakini tulipofika barabara kubwa alinishika kiwiko, akanivusha.

Daktari alituangalia wote wawili, akaelewa. Sikuulizwa kwa nini nilidanganya. Damu ikachukuliwa mkononi, na jibu likaja siku ya tatu: hakuna kirusi cha ini, wala VVU.

"Lakini ni mapema," daktari alisema. "Ulitobolewa juzi juzi tu. Rudi baada ya wiki sita tuhakikishe. Ugonjwa huu wa ini una dawa, unapona. Ila kwa mwenye mimba tunasubiri mpaka ajifungue."

"Na mtoto?" mke wa mwanangu aliuliza.

"Mara nyingi haumfikii."

Mara nyingi. Tulitoka na neno hilo.

Wiki sita. Leo ni ya pili. Jumanne nilimwomba Michoro radhi mbele ya benchi zima, nikawaambia homa ile ilipitia mkononi mwangu. Mama Miwani alilia. Fundi Viatu hakuwa na mzaha wowote. Michoro alisogea akanipa nafasi ya kukaa.

Nyumbani bado naletewa dawa na maji. Anaviweka mezani, anaondoka bila neno. Tumbo limeshuka. Kila akishika kiuno, najisemea moyoni: bado mapema, mwanangu, bado mapema.