Nyumba Iliyonyamaza

Sufuria ya kwanza ililia upande wa bonde, mbali, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba asiyoijua. Nilikuwa nimekwisha kuvuka nusu ya maswali. Mbele yangu kompyuta, juu ya kompyuta jicho dogo la kamera, na nyuma ya jicho hilo, katika nchi nisiyoijua, mwanamke mmoja ananilinda nisiibe majibu. Alikuwa amenisomea sheria kwa Kifaransa kilichopigwa pasi: usiinuke, usiseme, usitazame pembeni. Mtu mwingine akionekana chumbani, mtihani umekufa.

Sufuria ya pili ikajibu ya kwanza. Jua la asubuhi lilikuwa juu ya mabati ya mtaa wetu wa Bulengera, na mimi nilikuwa nasoma swali kuhusu njia ambayo ujumbe unapita kutoka mashine moja hadi nyingine.

Nilisoma mara mbili. Sikuelewa kitu.

Mwaka ule ulipoanza tulikuwa wawili, mimi na Kahongya, tumetoka chuoni na diploma za informatique, elimu ya kompyuta, ambazo hakuna aliyetaka kuziona. Huko Beni, Eliezer, mwenye kampuni ndogo ya kugawa intaneti kwa antena, alituambia waziwazi: “Diploma zinajaa mu tiroir ya meza yangu. Mwenye ataniletea cheti cha réseau, cha kuunganisha mashine, mbele ya Noeli, huyo ataingia kazini.”

Tukarudi Butembo kwa Manassé, mwalimu wetu, ambaye alikuwa na chumba chenye kompyuta chakavu karibu na soko. Akatuwekea masomo mawili mezani. La kwanza lilifundishwa Kampala, na mtihani wake ulifanywa huko huko, ndani ya chumba kilichofungwa. La pili ulijifunza kwa intaneti, ukafanya mtihani nyumbani kwako, mbele ya kamera.

“Masomo ni ile ile,” Manassé akasema. “Intaneti ni intaneti. Muchague chumba ya mutihani, hapana masomo.”

Kahongya akachagua Kampala. Mimi nikacheka.

“Nipange mulongo ku mpaka wa Kasindi nyuma ya makamyo, juu mutu wa Kampala aniambie kama niko na akili? Akili yangu iko Bulengera. Bakuje bayipimie apa.”

“Kiburi yako iko na kelele, ndugu,” Kahongya akanijibu. “Mutu anaisikia mpaka Vuhovi.”

“Afazali kiburi kuliko kuomba visa.”

Manassé hakucheka. Aliendelea kupangusa kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi.

Mama yangu, Sikitu, ndiye aliyefurahi. Tangu baba aondoke kwenda shamba lake upande wa Beni, akauawa na watu wa porini, akarudishwa amefungwa katika turubai, mama hapendi mtoto anayezungumza na barabara. “Apa nitakulinda miye mwenyewe,” akasema. Bidhaa zake zote za sokoni, vitenge na sabuni, ziligeuka kuwa ada ya mtihani. Akashona pazia. Akahamisha kuku. Siku ya mtihani hakumwambia mtu. “Batu bakijua siku yako, batakufungia njia,” akanong’ona, kisha akafunga mlango wa nje, akakaa chini, mgongo wake ukiwa kufuli ya pili.

Sasa niseme desturi yetu, maana bila hiyo huwezi kujua ukimya unauzwa bei gani kwetu. Ukisikia sufuria ya jirani, unapiga yako. Huulizi kwanza. Yako inaamsha ya mwingine, mpaka kilima kizima kinalia, na wauaji, kama ni wauaji, wanajua kwamba wameonekana. Nyumba inayonyamaza imekwisha kuchinjwa. Basi majirani wanaiendea mbio.

Kelele ilipanda kilima. Ilifika kwa Kyakimwa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, naye akapiga ile sufuria yake kubwa ya karamu za parokia. Zamu ilikuwa ya kwetu. Nilisubiri mlio wa mama. Nilimsikia tu akipumua nyuma ya pazia, na sufuria, najua, ikiwa tayari katika mapaja yake.

Hakupiga.

Nilielewa alichokuwa ananipa. Macho yangu yalibaki kwenye kioo. Nikabonyeza jibu. Nikabonyeza lingine.

“Kwa Mama Paluku kuko kimya!” mtu akapaza sauti nje, akimwita mama kwa jina langu.

“Mama Paluku! Mungali bazima?”

“Nyamazeni kidogo,” mama akanong’ona kwenye ufa wa mlango. “Nyamazeni, nabaomba.”

“Anasema chini chini! Kuko mutu amemushika shingo! Issaka, vunja!”

Mlango uliingia pamoja na fremu yake. Kyakimwa mbele, na mchi wa kutwangia majani ya sombe. Nyuma yake Issaka, dereva anayebeba samaki, panga mkononi, filimbi mdomoni, na nyuma ya Issaka mtaa. Walijaa chumbani hadi mezani. Issaka akaona uso wa yule mwanamke kwenye kioo, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kamera.

“We mama, uko fasi gani? Nani anakushika?”

Mwanamke akarudi nyuma kidogo. Kisha akasema nami, kwa upole, sitamsingizia: “Bwana, hauko peke yako.” Na kioo kikawa cheupe.

Kyakimwa alinikumbatia akilia. “Uko muzima! Mungu mukubwa, uko muzima!” Mimi nilikuwa moto mtupu. Nilifungua mdomo niwatukane wote, kizazi kwa kizazi.

Kabla neno halijatoka, waliokimbia bondeni wakarudi na habari: watu walioonekana kwenye mikaratusi walikuwa wachomaji wa makaa, na magunia yao.

“Lakini tulikuharibia kazi?” Issaka akaniuliza, panga limeshuka.

Mama akawahi. Kilemba chake kilikuwa na vumbi la ukuta. “Hapana. Alikuwa alishamaliza. Alishapita mutihani.”

Wakapiga vigelegele.

Niliwaandikia wenye mtihani. Wakajibu kwamba sheria ni sheria, nianze upya na nilipe upya. Kabla ya Noeli Kahongya akavuka Kasindi na cheti chake, akapitiliza hadi Beni. Sasa anapanda minara ya Eliezer.

Nilimuuliza mama mara moja tu kwa nini alidanganya. Alikuwa anachagua maharagwe.

“Siku ile kelele itakuwa ya kweli,” akasema, “nataka bavunje tena ule mulango, bila kuogopa.”

Mtaa unaniita Ingénieur. Wananiletea simu zilizoanguka majini, redio zilizokufa, na chaja walizotafuna panya. Wakiita, naitika.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Kyakimwa aliniuliza mbele ya watu: “Ingénieur, Beni utaenda kuanza kazi siku gani?”

“Barabara ikitulia,” nikasema.

Wote wakaitikia kwa vichwa. Issaka, aliyekuwa ametoka Beni asubuhi ile ile na samaki wake kwa barabara hiyo hiyo, alinitazama kidogo, kisha akainamisha macho.

“Ni kweli,” akasema. “Barabara iko mubaya.”