Dodoso la Pudensiana

Jumanne ile, baada ya uji wa saa nne, kidato cha pili kilipangwa mstari nje ya darasa, kila mtu na kalamu yake mkononi. Pudensiana alikuwa wa kumi na tisa. Mezani kulikuwa na rundo la madodoso, na juu yake wameweka tofali, maana upepo siku hiyo haukuwa na mchezo.

Mtafiti aliitwa Shadrack, kijana wa miwani, katoka chuo kikuu, kasafiri siku mbili kwenye basi na vumbi lilikuwa bado masikioni. Akaeleza taratibu kwamba anapima vijana wanavyojiona wenyewe kwenye kutumia miili yao: kukimbia, kudaka mpira, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka juu. Kwanza unatiki unavyojiona. Halafu unapimwa. Halafu yeye analinganisha. Wawili ambao tiki na vipimo vyao vitalingana kuliko wote, hao ndio wanaojitambua, na majina yao yataenda shule ya bweni yenye michezo. Kila kitu bure.

Bweni. Neno lile Pudensiana alilisikia mpaka magotini. Mpunga wa baba yake ulishaanza kuweka maziwa kwenye punje, na mpunga ukiweka maziwa kwelea kwelea wanashuka wingu zima, na yeye anaacha shule wiki sita kwenda kuamia ndege, kupiga debe na kupiga kelele toka asubuhi mpaka jua linazama. Kaka yake Patrick, waliyeanza naye shule pamoja, hajawahi kuamia hata siku moja. Baba yao, mzee Maximilian, anasema mtoto wa kiume akikosa masomo anaharibika. Ila mtu aliyeko bweni hawezi kufuatwa na ndege.

Na kuruka alikuwa anajua. Msimu wa juzi, akiwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti wanachokaa waamiaji, aliruka ili awatishe ndege wa kona ya mbali, na hakushuka. Alikaa hewani usawa wa paa la kanisa, kwa muda wa kumaliza fumbo moja la rozari, kisha akatua polepole. Ndala moja ilipotelea majini. Mama yake, Mariana, alimwambia kuanzia kesho avae suruali ndani ya sketi. Hayo ndiyo yaliyosemwa nyumbani kuhusu jambo lile.

Kabla hawajaanza kujaza, mwalimu Gelasius wa michezo alisimama mbele yao na kiboko chake kwapani.

"Nyie, mnisikilize. Huyu ni mgeni. Sitaki mtu wa kujisifu hapa. Mtoto aliyelelewa akiulizwa kama anaweza, anasema kidogo."

Hakuna aliyeshangaa, ndivyo walivyokuzwa. Kule, mama akipika sufuria sita za harusi peke yake, ukimsifia anakwambia amekoroga koroga tu.

"Mi natiki naweza sana kila mahali," Doto alimnong'oneza Pudensiana kwa nyuma. Doto ni mtoto wa wafugaji Wasukuma, na mdomo wake haujawahi kufungwa lango. "Mwalimu akitaka kunichapa nakimbia. Si nimeandika naweza sana?"

Pudensiana alitiki kukimbia, kidogo. Kudaka, kidogo. Akafika kwenye kuruka juu, kalamu ikasimama. Mwalimu Gelasius naye alikuwa kasimama nyuma ya bega lake, anapumua. Pudensiana akaona kwamba kwa mtu wa usawa wa paa la kanisa, hata hiyo kidogo ni majivuno. Akatiki "siwezi".

Kwenye kupima, futi ilikuwa imebandikwa ukutani. Unapaka chaki kidoleni, unaruka, unagusa. Doto aliruka akagusa padogo mno, akacheka mwenyewe. Patrick, aliyekuwa ametiki kidogo kila mahali, aliruka kidogo, akadaka kidogo, akakimbia kidogo.

Pudensiana akaruka. Akaipita futi, akapita bati, akabaki pale. Shadrack alisubiri na kalamu, akaangalia saa yake, akasubiri tena. Kutoka juu Pudensiana aliona mashamba yote mpaka barabara ya Majimoto, na mama yake kashapanda dungu.

"Shuka basi, kuna wenzako," Shadrack alisema.

Akashuka. Shadrack akaandika mita tatu, kwa sababu futi yake iliishia hapo. Kisha akageuza karatasi.

"Umetiki huwezi."

"Ilikuwa adabu, kaka."

"Adabu haina kisanduku humu."

"Naomba nibadilishe."

"Ukibadilisha baada ya kupimwa, hicho sio kipimo tena, dada."

Aliongea vizuri tu, bila ubaya. Pudensiana akamgeukia mwalimu Gelasius. Mwalimu akaangalia viatu vyake, akasema huyu binti ana maadili sana, darasa zima hana mwenzake. Shadrack akashukuru. Chini ya jina la Pudensiana akaandika: hajitambui.

Majina yalibandikwa Ijumaa. La kwanza lilikuwa Patrick Maximilian, tiki na vipimo vimelingana kama mapacha. Mzee Maximilian alichinja jogoo. Patrick akaondoka na sanduku la bati nyuma ya bodaboda, na Pudensiana akaenda shambani na debe.

Mwaka ule hakupanda dungu, alikaa juu hewani. Majirani walipoona ndege hawashuki kabisa kwa mzee Maximilian, wakaja kumuomba, naye akawakubalia, jirani ni jirani. Wiki sita zikawa kumi. Alipomaliza kuamia mashamba manne, muhula ulikuwa umeisha, na kwenye dawati lake alikuwa amehamia Doto.

Mwaka uliofuata Shadrack alirudi, maana utafiti una awamu ya pili. Shuleni hakumkuta, akaelekezwa shambani. Akasimama kwenye jaruba na dodoso jipya, mzee Maximilian pembeni yake, mikono nyuma.

"Pudensiana!" Shadrack aliita, uso kauinua. "Kuruka juu, sasa hivi unajionaje?"

Pudensiana alikuwa usawa wa paa la kanisa, debe shingoni. Jibu alikuwa nalo tangu mwaka jana, zima, halijapungua hata herufi. Akaangalia chini, akamwona mgeni, akamwona baba yake karibu na mgeni, anasubiri kusikia mtoto wake atasema nini.

"Kidogo tu, kaka."

Shadrack akatiki, akatabasamu. Akamwambia mzee kuna maendeleo, mwaka jana alisema hawezi kabisa. Mzee Maximilian akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kona ya mbali kwelea kwelea wakaanza kushuka. Pudensiana akapiga debe, akaenda.